Utamu wa Maombi Ukiondoka, Malezi ya Mungu Yako Wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Niliokoka katika mkutano wa injili nikiwa chuoni, na kwa miaka miwili ya kwanza nilimwona Mungu kila siku: nikiomba, machozi yananitoka, nikifungua Biblia, neno linanigusa, nikiombea ada ya mdogo wangu, inapatikana. Sasa ni zaidi ya mwaka mzima ninaomba kama ninayeongea na ukuta. Nimeolewa, nina mtoto wa miezi kumi, na ninafundisha Shule ya Jumapili. Nimefunga, nimekwenda kwenye mikesha, lakini hakuna kilichobadilika. Kiongozi mmoja wa maombi kanisani kwetu ameniambia kwamba nina dhambi iliyofichika, ndiyo maana Mungu amenyamaza. Nimejichunguza na sijaiona. Je, Mungu ameacha kunilea? Na je, niache kufundisha watoto mpaka hali hii iishe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu katika Kristo, Bwana asifiwe sana, na asante kwa kuliandika waziwazi jambo ambalo waamini wengi hulificha kwa miaka wakiogopa kuambiwa kwamba wamepoa. Nitalijibu swali lako la kwanza kwa kirefu kwa sababu ndilo mzizi wa mengine yote, kisha nitafika kwenye lile la watoto. Jibu fupi ni hapana. Hakuna mahali katika Maandiko ambapo ukavu wa hisia peke yake unahesabiwa kuwa ushahidi kwamba Mungu amemtupa mtu wake, na zipo sehemu kadhaa ambapo mambo ni kinyume kabisa, Mungu akimlea mtu kwa uangalifu mkubwa wakati ambapo mtu huyo haoni lolote. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyekaa mwaka mzima mbele ya ukuta, kwa hiyo tuliendee jambo hili polepole.

Tuanze na nabii Hosea, aliyehubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli karne ya 8 kabla ya Kristo, kuelekea wakati Waashuri walipouangusha ufalme huo. Katika sura ya 11 Mungu mwenyewe anaeleza jinsi alivyomlea Efraimu, yaani watu wa ufalme huo: alimfundisha kutembea, akamchukua mikononi, akamvuta kwa kamba za upendo, akainama kumlisha. Katikati ya maneno hayo kuna kauli ambayo wasomaji wengi huipita haraka, isemayo kwamba wao hawakujua kuwa ni yeye aliyekuwa akiwaponya. Ni kweli kwamba Hosea anawalaumu watu kwa kukosa shukrani, lakini ukweli wenyewe unabaki palepale: malezi yalikuwa yakiendelea na mlelewa hakuwa na habari. Tukiyapima malezi ya Mungu kwa kiasi tunachoyahisi, itatubidi tuseme kwamba Efraimu hakulelewa, na hapo tutakuwa tumebishana na Mungu mwenyewe.

Sasa niseme neno kuhusu ile miaka yako miwili ya kwanza. Wapo watu ambao wakifika hapo ulipofika huanza kuidharau mianzo yao na kusema kwamba yote yale yalikuwa mihemko ya mkutano. Sikubaliani nao. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2, anawahimiza waamini wayatamani maziwa kama watoto waliozaliwa sasa hivi, wala haoni aibu kuyaita maziwa. Machozi yale, neno lile lililokugusa, ada ile iliyopatikana, vyote vilikuwa chakula halali ulichopewa na Baba yako kwa kimo ulichokuwa nacho. Usivikane.

Hata hivyo, maziwa si kipimo cha ukomavu, na hapa ndipo makanisa yetu mengi yanapochanganya mambo. Kanisa la Korintho lilikuwa na kila kitu ambacho sisi leo tungekiita moto wa kiroho. Paulo anakiri mwanzoni mwa waraka wa kwanza kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote, kisha katika sura ya 3 anawaambia kwamba ameshindwa kusema nao kama watu wa rohoni, kwa maana bado ni watoto wachanga. Kwa nini? Kwa sababu ya wivu na fitina zilizokuwa kati yao. Hakuwahesabia machozi wala saa za maombi. Alitazama jinsi walivyokuwa wakiishi wao kwa wao. Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 5, anasema jambo hilohilo kwa njia nyingine: mtu mzima, astahiliye chakula kigumu, ni yule ambaye kwa mazoezi ya muda mrefu amejifunza kupambanua mema na mabaya. Kwa hiyo, kabla ya kuniambia kwamba umerudi nyuma, ningetamani kusikia mambo ambayo hukuyaandika. Katika mwaka huu mkavu, umekuwa mvumilivu zaidi kwa mume wako au mkali zaidi? Mtu akikukosea, unasamehe kwa siku mbili kile ambacho zamani ulikibeba kwa mwezi? Unaona aibu kwa uongo mdogo ambao zamani hukuuona kuwa uongo? Majibu ya maswali ya namna hiyo yataonyesha hali yako ya kiroho kwa uhakika zaidi kuliko ukavu wa macho yako wakati wa maombi.

Zaburi ya 131 ni fupi sana, ina mistari mitatu tu, na imo katika zile nyimbo za kupandia Yerusalemu. Mwimbaji anasema kwamba ameituliza nafsi yake ikawa kama mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa kifuani mwa mama yake. Angalia vizuri ni mtoto gani anayetajwa. Mtoto anayenyonya, akiwekwa kifuani, hatulii mpaka apate ziwa. Anamtafuta mama, lakini zaidi anatafuta maziwa. Mtoto aliyekwisha kulikizwa anaweza kukaa mapajani mwa mama yake bila kudai chochote, kwa sababu sasa anachokitaka ni mama mwenyewe. Umbali kati ya watoto hao wawili haupitwi bila kilio. Wewe ni mama, utafika hapo muda si mrefu, na wanawake waliokutangulia watakusimulia usiku ule: ziwa limepakwa shubiri au pilipili, mtoto anageuza uso kwa mshangao, analia kama aliyesalitiwa, naye mama amekaa papo hapo kitandani akilia pia, huku uji ukiwa tayari jikoni. Kwa akili ya mtoto, mama amebadilika. Kwa kweli mama hajatoka hata chumbani, na ule uchungu ameupaka mwenyewe, kwa sababu anajua kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu anayeishi kwa maziwa peke yake atadhoofika.

Sikuubuni mfano huo wa shubiri. Katika karne ya 16 huko Hispania, mtawa mmoja Mkarmeli, Yohane wa Msalaba, aliutumia kueleza hali hasa unayoisimulia wewe. Aliandika kwamba Mungu humtendea mwamini mpya kama mama mwenye upendo anavyomtendea mtoto wake: humpasha joto kifuani, humnyonyesha, humbeba mikononi, na mtoto akikua, mama hupunguza kumdekeza, hupaka shubiri chungu kwenye ziwa tamu, humshusha chini ili atembee kwa miguu yake mwenyewe, aache tabia za kitoto. Mtu huyu hakuandika kutoka katika kiti cha starehe. Kuanzia Desemba 1577 hadi Agosti 1578 alikuwa amefungwa katika chumba kidogo mjini Toledo, na waliomfunga walikuwa ndugu wa shirika lake mwenyewe waliopinga matengenezo aliyoyaunga mkono, mpaka alipotoroka. Sisi Waprotestanti huwa tunasitasita kuwasikiliza watawa wa Kikatoliki, na mambo tunayotofautiana nao ninayafahamu, lakini katika suala hili sijasoma mwalimu aliyelichambua kwa makini kumzidi.

Kuna jambo lingine katika Maandiko kuhusu kulikizwa ambalo mahubiri yetu hulisahau. Mwanzo 21 inasema kwamba siku Isaka alipoachishwa ziwa, Abrahamu alifanya karamu kubwa. Mtoto huenda alikuwa akilia chumbani, na uani watu walikuwa wakila nyama. Baba hakuona kwamba mwanawe amepoteza kitu. Aliona kwamba amevuka. Na Hana, mama yake Samweli, alisubiri mpaka mtoto alipoachishwa ndipo akampeleka Shilo kumtumikia Bwana, lakini hakuacha kuwa mama yake. Kila mwaka, asema mwandishi wa kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 2, alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Hebu fikiria mwanamke huyo akikadiria mabega ya mtoto asiyeishi naye, akiongeza kitambaa kidogo kila mwaka. Maziwa yamekwisha, wala hatayarudia, lakini kanzu inakuja kwa kipimo kipya.

Historia ya taifa la Israeli ina tukio linalofanana na hayo, na linanisaidia kueleza kwa nini Mungu hufanya hivi. Kwa miaka 40 jangwani walikula mana. Kutoka 16 inaeleza kwamba iliokotwa asubuhi, ikayeyuka jua lilipokuwa kali, na ladha yake ilikuwa kama mkate mwembamba wenye asali. Hawakulima, hawakupanda, hawakuvuna. Kisha wakavuka Yordani, wakafanya Pasaka huko Gilgali katika nchi tambarare za Yeriko, na Yoshua 5 inasema kwa maneno makavu kabisa kwamba mana ilikoma kesho yake baada ya wao kula mazao ya nchi. Hakuna dhambi iliyotajwa hapo. Hakuna hasira ya Mungu. Wala mana haikukoma walipomwasi; iliendelea kushuka hata katika miaka ya manung'uniko yao mabaya zaidi, ikakoma walipotii na kuvuka. Kama palikuwa na mtu Gilgali aliyetoka asubuhi ile na kapu lake, akakuta ardhi tupu, akahitimisha kwamba Mungu ameondoka, alikosea kwa sababu moja tu: hakutambua kwamba alikuwa amefika.

Je, kuanzia siku ile Mungu aliacha kuwalisha? Kumbukumbu la Torati 11 ilikwisha kulijibu hilo mapema. Nchi mnayoingia, Musa aliwaambia, si kama Misri mlikomwagilia kwa nguvu ya miguu yenu. Ni nchi ya milima na mabonde inywayo mvua ya mbinguni, nchi ambayo Bwana Mungu wenu huitunza, na macho yake yako juu yake tangu mwanzo wa mwaka hata mwisho wake. Chakula kilikuwa cha Mungu jangwani, na kilikuwa cha Mungu shambani. Tofauti ni kwamba shambani Mungu alimfanya mwanadamu kuwa mshirika wa kazi, akamwachia jembe na subira ya msimu. Paulo anaposema katika Wafilipi 2 kwamba tuutimize wokovu wetu kwa kuwa Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, anazungumzia maisha ya aina hiyo hiyo.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa nusu ya ukweli, kwa maana si kila ukavu ni kulikizwa. Kuna ukavu unaotokana na uzembe, kuna unaotokana na dhambi, na kuna unaotokana na mwili kuchoka au kuugua. Yohane wa Msalaba alilijua hilo, ndiyo maana alitoa dalili tatu za kupambanulia, na akataka zote tatu ziwepo kwa pamoja. Kwanza, mtu hapati ladha katika mambo ya Mungu, lakini vilevile hapati ladha katika mambo mengine. Aliyepoa kwa uzembe, kwa kawaida, amepata utamu mahali pengine, kwenye fedha, kwenye starehe, kwenye simu. Pili, mtu huyo ana wasiwasi wa kudumu kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo, na hilo linamuuma, mzembe haumwi. Tatu, zile njia za kutafakari alizozizoea hazimfikishi tena popote, ingawa anajitahidi. Ninaposoma barua yako naona dalili ya pili kwa wazi sana, kwa maana mtu asiyejali hafungi, hakeshi, wala haandiki barua kama hii. Ile ya tatu pia inaonekana. Kuhusu ya kwanza, ni wewe unayejua, na ninakuomba ujiulize bila kujionea huruma wala kujishtaki.

Mtawa huyo huyo alionya pia kwamba ukavu wa namna hii unaweza kutokana na hali mbaya ya mwili au na ugonjwa wa huzuni nzito, ule ambao siku hizi hospitali zetu huuita sonona. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu umetaja kwa maneno machache tu jambo ambalo pengine ndilo zito kuliko yote: una mtoto wa miezi kumi. Unalala saa ngapi? Unakula lini? Mwanamke anayeamka mara tatu usiku kunyonyesha, kisha akaenda mkesha wa Ijumaa, kisha akafunga, kisha Jumapili akasimama mbele ya watoto wa mtaa mzima, hawezi kutazamia moyo wake uruke kwa furaha akifungua Zaburi.

Tazama Mungu alivyomtendea Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii alikuwa ametoka kwenye ushindi wa mlima Karmeli. Malkia Yezebeli akamtishia maisha. Akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake hapo, akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Tungekuwa sisi tuliotumwa kwake, tungemwekea kikao cha maombezi na kumwuliza amefungua mlango gani kwa adui. Mungu alimtuma malaika, na malaika hakuhubiri. Alimgusa akamwambia, inuka ule. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, wala hakukemewa kwa kulala. Malaika akamgusa mara ya pili, akamlisha tena, akatoa sababu yenye huruma kuliko mahubiri mengi: safari hii ni kubwa mno kwako. Ni baada ya usingizi na milo hiyo miwili ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu, na ni huko ndipo ile sauti ndogo ya utulivu iliposikika, ikampa kazi mpya na kumsahihisha kwamba hakuwa peke yake, kwani walikuwapo watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Mafundisho yalikuja, na marekebisho yalikuja, lakini chakula kilitangulia. Mlezi mwema huanza na tumbo la mtoto.

Kwa sababu hiyo nakushauri kwa uzito wote: kama pamoja na ukavu wa maombi huna hamu ya chakula, hulali hata mtoto anapolala, unajiona huna thamani, au yanakujia mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, usiliache jambo hilo kwenye chumba cha maombi peke yake. Mweleze mume wako leo, na mwende pamoja hospitalini au katika kliniki ya mama na mtoto mnayohudhuria, mkawaeleze wauguzi hali yote. Wanawake wengi hupatwa na sonona katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, nayo ina matibabu. Aliyemtuma malaika na mkate anaweza kumtuma daktari na vidonge, wala imani haipungui kwa kumeza kilichotolewa.

Sasa niseme juu ya kiongozi aliyekuambia kwamba una dhambi iliyofichika. Simjui, na huenda alisema kwa nia njema. Lakini neno lake lina kasoro kubwa: limekuhukumu bila kutaja kosa. Mungu akiwa na neno na mtu wake kuhusu dhambi, hulitaja. Nathani alipotumwa kwa Daudi katika 2 Samweli 12, alimsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, kisha akamwambia usoni, wewe ndiwe mtu huyo, akalitaja jina la Uria Mhiti, ambaye Daudi alimwua na kumtwaa mkewe, akautaja na upanga. Daudi alijua hasa anachotubia. Roho Mtakatifu huuhakikisha moyo kwa namna hiyo, akiweka kidole kwenye jambo ambalo mtu anaweza kulitubu, kulirekebisha na kusamehewa. Shutuma inayoelea hewani, isiyo na jina wala tarehe, inayokuacha ukijikagua kila kona na usipate la kufanya, haifanani na kazi yake. Marafiki watatu wa Ayubu walimwambia maneno ya aina hiyo kwa sura nyingi mfululizo, tena kwa ufasaha, na mwisho wa kitabu Mungu aliwaghadhibikia wao, akasema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Jisomee polepole mistari miwili ya mwisho ya Zaburi ya 139, umwombe Mungu akuchunguze; akikuonyesha jambo, litubu siku hiyohiyo; asipokuonyesha, amini kwamba umemwomba na amesikia, ukaendelee na kazi zako. Kurudia uchunguzi huo kila saa si toba tena.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, ufanye nini. Mikesha na mifungo iache kwa sasa, angalau hadi mtoto atakapoacha kunyonya usiku, na usione kwamba umeshindwa. Badala yake uwe na maombi mafupi yasiyobadilika kila siku: Zaburi moja isomwe kwa sauti, Sala ya Bwana, na jina la mtu mmoja unayemwombea. Unaweza kufanya hivyo ukiwa unanyonyesha. Usingoje kuhisi. Paulo katika Warumi 8 anasema kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Maana yake ni kwamba hata siku ambayo huna neno, maombi yako hayakusimama. Siku ambazo hali ni nzito sana, chukua Zaburi ya 88, ile ambayo tofauti na Zaburi nyingi za maombolezo haina kipande cha furaha mwishoni, bali inaishia gizani. Nadhani Mungu aliiacha katika kitabu cha maombi cha watu wake makusudi, ili mtu aliye mahali hapo asikose maneno ya kusema naye.

La pili, tafuta mama mmoja wa kiroho. Nasema mmoja, naye awe mwanamke aliyekuzidi umri, ambaye umeona jinsi anavyoishi nyumbani kwake na si jinsi anavyoomba kwenye kipaza sauti tu. Katika 1 Wathesalonike 2 Paulo anasema kwamba yeye na wenzake walikuwa wapole kati ya waamini kama mlezi atunzavyo watoto wake mwenyewe, na mistari michache baadaye anajilinganisha na baba. Katika Tito 2 anawapa wanawake wazee kazi ya kuwafundisha vijana. Malezi ya Mungu, mara nyingi, yana mikono ya mtu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuvuka hadi Tanganyika na Kenya, haukudumu kwa vizazi kwa sababu ya mikutano mikubwa peke yake. Ulidumu kwa sababu ndugu waliendelea kukutana katika vikundi vidogo, wakiambiana ukweli wa maisha yao kwa kile walichokiita kutembea nuruni, pamoja na kukiri wazi siku ambazo mioyo yao ilikuwa baridi. Ndugu zetu Wakatoliki wanalipata jambo la namna hiyo katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na Walutheri na Waanglikana wengi katika ibada za nyumba kwa nyumba. Kama kwenu ibada hizo zimegeuka kuwa mahali pa kutoa taarifa za michango, tafuteni watu watatu mwanze upya.

Usiniulize itachukua muda gani, kwa sababu hakuna kanuni. Wengine hupita mahali hapo kwa miezi. Mama Teresa wa Calcutta, kama barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilivyoonyesha, aliishi sehemu kubwa ya utumishi wake bila kuhisi uwepo wa Mungu, akiendelea kuwaokota watu waliokuwa wakifa barabarani. Sikutajii hilo ili kukuogopesha, wala sidai kwamba ukavu ni bora kuliko utamu. Utamu ukirudi, upokee kwa shukrani, na huenda ukarudi ukiwa mtulivu kuliko ule wa mwanzo. Ninachokukataza ni kuufukuzia kutoka mkutano hadi mkutano, na kutoka kwa mtumishi huyu hadi yule, hasa wale wanaouza maji na mafuta kwa watu waliokata tamaa. Mtoto anayelikizwa akipelekwa kwa kila jirani mwenye maziwa hatajifunza kula.

Kuhusu Shule ya Jumapili, usiache, ila punguza. Zungumza na mchungaji wako, si na yule kiongozi wa maombi peke yake. Mweleze kwamba una mtoto mchanga na umechoka, umwombe akupe msaidizi ili ufundishe Jumapili mbili kwa mwezi badala ya nne. Usijione mnafiki unaposimama mbele ya watoto bila msisimko moyoni. Mnafiki ni mtu anayejifanya anaamini asichokiamini. Wewe unaamini, ila huhisi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wafundishe masomo yaliyo katika mtaala wenu kama yalivyo, uwaimbishe, uwajue kwa majina, ufuatilie yule ambaye hajaonekana kwa wiki mbili. Na ukifika kwenye somo la mana, wasomee hadi Yoshua 5, kwa maana masomo mengi ya watoto huishia jangwani na hayawaambii kwamba siku moja ilikoma.